Mafunzo ya pikipiki: Kwa nini hata mzoefu arudi darasani

Ukimuuliza mwendeshaji wa pikipiki hapa mjini alijifunzia wapi, aghalabu atakujibu kwamba alifunzwa na rafiki au ndugu, alasiri moja katika uwanja wa shule. Alionyeshwa klachi, gia na breki, akazunguka mara kadhaa bila kuanguka, na kufikia jioni akaambiwa ameiva. Wiki iliyofuata alikuwa barabarani katikati ya matatu na malori, pengine akiwa na abiria nyuma.

Bila shaka wewe msomaji huwezi kukubali kudungwa sindano na mtu aliyefunzwa uuguzi alasiri moja. Lakini kila siku maelfu yetu tunaukabidhi uhai wetu kwa mwendeshaji aliyefunzwa kwa namna hiyo, au tunaendesha wenyewe kwa ujuzi wa namna hiyo. Leo tutaangalia mafunzo ya usalama wa pikipiki: yanafundisha nini, yanamfaa nani na, jambo muhimu zaidi, ni yapi ambayo mafunzo hayo hayawezi kukufanyia.

MWILI NDIO BODI

Pikipiki zimeongezeka sana nchini tangu mwaka wa 2008, wakati serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo. Zimewapa vijana wengi kazi, na zimewafikisha akina mama wengi hospitalini kwa wakati usiku wa kujifungua. Hakuna haja ya kuzilaani. Hata hivyo, katika hospitali kadhaa nchini, wodi ya mifupa sasa inajulikana na wengi kama "wodi ya bodaboda".

Sababu yake si vigumu kuielewa. Gari lina bodi ya chuma, mkanda na kiti kinachokushika. Mwendeshaji wa pikipiki hana kinga hiyo. Bodi ni mwili wake.

Sehemu inayoumia mara nyingi ni mguu, hasa mfupa wa muundi. Pitisha kidole mbele ya mguu wako chini ya goti na utahisi kwamba kati ya mfupa na ngozi hakuna nyama. Kwa sababu hiyo, muundi unapovunjika, mfupa hutoboa ngozi kwa urahisi, na mchanga na uchafu wa barabarani huingia ndani. Kidonda cha aina hii kikiingiwa na viini, mgonjwa aweza kukaa miezi mingi bila kufanya kazi, akirejea tena na tena katika chumba cha upasuaji. Kwa mtu anayelipa karo na kodi ya nyumba kwa mapato ya kila siku, hiyo ni ajali ya nyumba nzima.

Jeraha linaloua zaidi ni la kichwa. Na kichwa kina ujanja wake: mtu anaweza kuanguka, akainuka, akajipangusa vumbi na kwenda nyumbani, kumbe ndani ya fuvu damu inavuja polepole. Ikiwa wewe au jamaa yako amegonga kichwa, kisha saa chache baadaye maumivu yanazidi, anatapika, anasinzia kupita kiasi, anachanganyikiwa, mkono au mguu unakosa nguvu, au mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya lile jingine, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitalini mara moja.

SEKUNDE MBILI TU

Utafiti unaotajwa sana kuhusu ajali za pikipiki ni ule uliotolewa mwaka wa 1981 nchini Marekani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California wakiongozwa na Harry Hurt. Walifika mahali pa ajali 900 katika eneo la Los Angeles na kuzichunguza moja baada ya nyingine. Ingawa ni wa zamani, na barabara za huko si kama zetu, mambo matatu waliyoyagundua yanafaa kukumbukwa.

Kwanza, asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa wamepata mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifunzwa na jamaa na marafiki. Pili, tangu hatari ilipojitokeza hadi kugongana, mwendeshaji wa kawaida alikuwa na muda usiotimia sekunde 2. Tatu, katika muda huo mfupi wengi walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu mpaka gurudumu likateleza, lakini hawakuitumia breki ya mbele ipasavyo.

Hebu tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Katika sekunde 2 ni mita 28, yaani zaidi ya urefu wa mabasi mawili makubwa yaliyopangwa foleni. Katika nafasi hiyo unatakiwa uone, uelewe, uamue na utende.

Mwili wenye hofu haufikiri. Homoni ya adrenalini inapomwagika katika damu, moyo hudunda, misuli hukaza, vidole hushika kwa nguvu na macho hukodolea kile kinachotisha. Ubongo hautafuti wazo jipya wakati huo. Unarudia kile ulichokizoea. Ikiwa ulichokizoea ni kukanyaga breki ya nyuma, utaikanyaga. Hii ndiyo sababu kuu ya kufanya mazoezi chini ya mwalimu: kuupa mwili tabia njema kabla ya siku ya hatari, mpaka mkono na mguu vifanye kinachofaa bila kuagizwa.

KOZI YA ANAYEANZA

Mafunzo mazuri ya mwanafunzi mpya hayaanzi barabarani. Yanaanza kwa kuikagua pikipiki: upepo wa magurudumu, mnyororo, breki, taa, pembe, vioo na oili. Kisha mwanafunzi hupelekwa katika uwanja uliofungwa, mbali na magari, ajifunze kuondoka, kusimama, kubadilisha gia na kwenda polepole bila kuweka miguu chini. Kwenda polepole ni kugumu kuliko kwenda mbio. Anayeweza kuzunguka nambari nane mwendo wa mtu anayetembea huyo ameanza kuitawala pikipiki yake.

Baada ya hapo huja breki. Wengi wetu tulionywa tusiiguse breki ya mbele, eti itakurusha juu ya usukani. La hasha. Unapofunga breki, uzito wote huelekea mbele. Gurudumu la mbele hugandamizwa ardhini, nalo la nyuma huwa jepesi na kuteleza upesi. Kwa hivyo nguvu kubwa ya kuisimamisha pikipiki iko mbele. Hatari ni kuikamata ghafla, au kuikamata wakati umekata kona au uko juu ya mchanga. Mwalimu atakufundisha kuibinya kwa kuongeza nguvu hatua kwa hatua, kama mtu anayekamua ndimu, huku pikipiki ikiwa imenyooka na breki ya nyuma ikisaidia.

Hufuata kukwepa. Ukiwa katika mwendo wa kawaida na unataka kwenda kushoto haraka, unasukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Jambo hili huwashangaza wengi hadi wanapolijaribu. Na pamoja na mikono, macho: pikipiki huenda unakotazama. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni. Tazama njia ya kupitia.

Mwisho kabisa ndipo mwanafunzi anaingia barabarani, mwalimu akimfuata. Hapa somo kubwa ni kuzisoma hatari kabla hazijakufikia. Matatu iliyosimama kituoni inaweza kuondoka bila ishara, au mlango wake ukafunguliwa ghafla. Mvua inapoanza kunyesha, dakika za mwanzo vumbi na oili vinapochanganyika na maji lami huwa kama sabuni. Na kwenye makutano, jihadhari na gari linalokuja mbele yako likitaka kukata kulia. Dereva wake anaweza kukutazama usoni na bado asikuone, kwa kuwa macho yake yanatafuta kitu kikubwa kama gari. Punguza mwendo, weka vidole juu ya breki, na usiiamini ishara ya mtu mpaka uone gurudumu lake limefanya nini.

Nchini Uingereza, tangu mwaka wa 1990, anayeanza kuendesha pikipiki hulazimika kumaliza mafunzo ya msingi ya aina hii kabla ya kuruhusiwa barabarani na alama ya L. Kwetu, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, imeweka madaraja ya leseni: A2 ni ya pikipiki ya kawaida, nalo A3 ni la wanaobeba abiria, wanaosafirisha vifurushi na wanaoendesha tuktuk. Kubeba abiria kwa malipo ukiwa na leseni isiyokuhusu ni kuvunja sheria.

KOZI YA MZOEFU

"Nimeendesha nduthi miaka kumi, nitafunzwa nini?" Ni swali linaloulizwa na wengi. Jibu ni kwamba miaka kumi ya kurudia kosa moja haimfanyi mtu kuwa stadi. Inamfanya alizoee kosa lake.

Jichunguze mwenyewe. Je, huiondoa gia na kuserereka mteremkoni ili kuokoa petroli? Ukifanya hivyo, injini haikusaidii tena kupunguza mwendo, na breki hubaki peke yake. Je, huchomeka simu ndani ya helmeti ukazungumza huku ukiendesha? Mikono yote iko kwenye usukani, ni kweli, lakini akili iko kwenye mazungumzo. Je, hubeba abiria wawili, au mtungi wa gesi na kreti za soda, ukategemea kusimama mahali pale pale unaposimama ukiwa peke yako? Uzito ukiongezeka, pikipiki hukawia kusimama na usukani huwa mwepesi.

Kozi ya mzoefu ni fupi. Mara nyingi huchukua siku moja au nusu siku, naye mwendeshaji huja na pikipiki yake mwenyewe. Mwalimu humfuata barabarani, kisha humweleza waziwazi alichokiona. Uingereza wana mpango uitwao BikeSafe ambapo polisi wenyewe huwafuata na kuwashauri waendeshaji wenye leseni bila nia ya kuwashtaki. Thamani yake ni hiyo: jicho la mtu mwingine. Tabia mbaya ni kama harufu ya kinywa. Mwenye nayo ndiye wa mwisho kuijua.

JE, MAFUNZO PEKEE YATOSHA?

Hapa inanipasa nikueleze ukweli, kwa kuwa tiba yoyote inayouzwa bila kutajwa mipaka yake ni ya kutiliwa shaka.

Mwaka wa 2010 wataalamu wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za kiafya kutoka kote duniani, walipitia tafiti 23 kuhusu mafunzo ya pikipiki. Walikuta nyingi hazikufanywa kwa ubora unaotosha, na hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba mafunzo hupunguza ajali. Mwaka wa 2016 matokeo ya jaribio moja kubwa katika jimbo la Victoria, Australia, yalichapishwa. Waendeshaji wapya zaidi ya 2,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa mafunzo ya ziada barabarani, wengine wakaachwa kwanza. Waliofunzwa hawakupata ajali chache kuliko wenzao. Walichopata zaidi ni kujiamini, na wakakiri kwamba walikuwa wakiendesha kwa kasi zaidi.

Je, hii ina maana kwamba usijifunze? Hapana. Ieleweke kwamba waendeshaji wa Victoria walikuwa tayari wamefaulu mitihani ya leseni. Wengi wetu tuko nyuma ya hapo. Lakini utafiti huo unatuonya kuhusu jambo moja: ujuzi wa mikono ukiongezwa bila busara, mtu huutumia ujuzi huo kwenda mbio zaidi, na faida yote hupotea. Ni kama mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge vyake asubuhi, kisha akaona sasa ana ruhusa ya kula keki.

Kwa hivyo chukua mafunzo, na cheti kikija usikifanye hirizi. Kipimo cha kwamba umefunzwa vyema si kwamba sasa unaweza kupenya penye matatu mbili. Ni kwamba unaiona nafasi hiyo, na unaiacha.

HELMETI HAINA MBADALA

Kuna kinga moja ambayo ushahidi wake hauna utata. Uchunguzi mwingine wa Cochrane ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa nyingi hospitalini zenye sifa kama hizo.

Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Lakini helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani, au iliyovaliwa bila kufungwa mkanda, haikingi kitu. Iwe imebana kichwa bila kuumiza, na kati ya mkanda na kidevu pasipite zaidi ya vidole viwili. Ikishagongwa katika ajali, inunuliwe nyingine hata kama nje inaonekana nzima. Ile povu ngumu ya ndani hujiponda mara moja tu ili kukuokoa.

Abiria wengi huikataa helmeti kwa kuogopa chawa na choa, au mashilingi kama wengi wanavyoyaita. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni rahisi: beba kitambaa chepesi kisafi mfukoni, ujifunge kichwani kabla ya kuivaa. Choa hutibiwa kwa dawa ya kupaka au ya kumeza. Ubongo uliopondeka hauna dawa ya kupaka.

Waendeshaji nao wana desturi ya kuvaa jaketi zito nyuma mbele ili wasipatwe na nimonia. Nimonia huletwa na viini, si upepo wenyewe. Kujikinga na baridi ni vyema, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kubinya breki, lakini jaketi hilo lisifunike lile linaloakisi mwanga.

AFYA YAKO KABLA YA KUPANDA

Mafunzo hayamsaidii mtu ambaye mwili wake hauko tayari. Pimwa macho, hasa ukiwa umepita miaka 40 au ukiona taa za magari zinakusumbua usiku. Ikiwa una kifafa, au kisukari kinachokufanya wakati mwingine uzirai, zungumza na daktari wako kabla ya kuendesha. Dawa nyingi za mafua na mizio huleta usingizi, hivyo muulize mfamasia. Pombe, hata chupa moja, huchelewesha uamuzi, na tumeona uamuzi una sekunde 2 tu. Wanaotafuna miraa au muguka ili wakeshe wakiendesha wajue kwamba huo ni mkopo: usingizi utaudai mwili ulipe, na haubagui mahali.

KUCHAGUA SHULE

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya. Je, shule ina leseni ya NTSA? Je, ina uwanja wa mazoezi na pikipiki nzima, au masomo huishia kwenye ule ubao wa mji wenye vigari vya kuchezea? Mwalimu mmoja hufunza wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Je, wanafunzi huvaa helmeti, glavu na viatu vilivyofunika vifundo? Utafunzwa kufunga breki za dharura, kukwepa na kubeba abiria? Mwalimu atakufuata barabarani? Je, huduma ya kwanza imo? Ukiambiwa kwamba hakuna haja ya kuhudhuria na leseni itakufuata nyumbani, ondoka. Unauziwa karatasi, na karatasi haifungi breki.

Kuhusu huduma ya kwanza, mashirika ya Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo hapa nchini. Kituo kizima cha bodaboda kinaweza kuchanga na kufunzwa pamoja, kwani katika ajali nyingi wao ndio wa kwanza kufika. Jambo moja la kukumbuka tangu leo: usimvue helmeti aliyeanguka, na usimkunje ndani ya gari. Shingo yake inaweza kuwa imevunjika. Mvue tu ikiwa hawezi kupumua, mmoja akishika kichwa na shingo visicheze na mwingine akiivuta helmeti taratibu.

NA WEWE ABIRIA

Wewe usiyeendesha una nafasi pia. Kaa ukipanua miguu, si upande. Kunja leso, buibui au skafu isinaswe na mnyororo. Chunga mguu wa kulia wakati wa kushuka, maana bomba la moshi huchoma ndama ya mguu na kuacha kovu la maisha. Ukiungua, mwagia maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Juu ya yote, chagua mwendeshaji. Uliza helmeti yako iko wapi. Akienda mbio, mwambie apunguze, na asiposikia, mwambie akushushe. Wateja wakianza kumkataa asiyefunzwa, mafunzo yatakuwa na soko bila kungoja msako wa polisi. Utachelewa kufika dakika chache, lakini utafika kwa miguu yako miwili.